Kago kwenye Mshokishoki

Watu wakisikia nimezaliwa nyumba ya uganga hudhani nilikuwa siogopi kitu. Thubutu! Hata msalani nilikuwa siendi peke yangu, na jua linawaka. Nyie mliokulia kwa wauza samaki na mafundi cherehani hamjui. Kwetu chini ya kitanda cha baba palikaa mkoba usioguswa, na watu wazima walitoka mjini na magari ya shamba kuja kumpigia baba magoti.

Kazi yake kubwa ilikuwa makago. Mwenye shamba akichoshwa na wezi, baba humfungia kago: kipande cha kaniki, ndani vitu asivyotuonyesha, juu uzi mwekundu, kisha likatundikwa mtini. Atakayekula bila ya ruhusa huvimba tumbo, na halinywei mpaka aliyelifunga kago alifungue. Hilo kila mtoto alilijua.

Bibi yangu, mama yake baba aliyemrithisha kazi ile, alikuwa keshatutoka. Msimu wa shokishoki ukaingia, na jirani yetu akafungiwa mti wake. Mimi nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu wa kike sita. Tukasimama chini ya mti ule, matunda mekundu mpaka basi, akaniuliza, "Dada, na kago je?"

Nikamjibu kwa jeuri zangu, "Kago la baba litatujua. Sisi si damu yake?"

Mjinga miye! Tukala, naye akala kunishinda, akimeza na kokwa zake.

Baada ya adhuhuri tumbo lake lilikuwa gumu kama dafu. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama anamkanda, anauliza mtoto kala nini, na mimi nimesimama mlangoni, mkono juu ya tumbo langu mwenyewe nikingoja nalo livimbe. Nikisema nitapigwa. Nisiposema atakufa. Hofu ile sijaisahau mpaka leo nna wajukuu.

Nikakimbilia uani, baba ndiyo kwanza anarudi msikitini.

"Baba, tumekula shokishoki za jirani. Zile za kago. Mfungulie, baba, anakufa!"

Nilingoja kofi. Halikuja. Baba alikaa chini palepale mchangani, na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa.

"Sijui kufungua," akasema.

"Si wewe uliyelifunga?"

"Kufunga nlifunzwa. Kufungua alikuwa nako mama, kila siku akiniambia kesho, kesho, mpaka akafa nako. Miye nnafunga tu, mwanangu, halafu nnamwomba Mungu asile mtu."

Lahaula! Sisi tukiogopa tulimkimbilia yeye, na yeye hana pa kukimbilia. Nilitamani angenipiga.

Alikwenda akalikata kago kwa kisu, akalifukia, kisha akaja kukaa kitandani kwa mdogo wangu akimsomea Yasini huku machozi yanamtoka. Mama akamnywesha maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Alasiri mtoto akatapika, kokwa baada ya kokwa, akalala usingizi. Kilichomponya sikijui, kisu au dua au chumvi. Baba naye hakukijua.

Lakini habari zilienea kwamba mganga kafungua kago lake mwenyewe na mtoto kapona, na watu wakazidi kuja. Haikupita wiki akabisha hodi mtu mmoja mwenye shamba la minazi, anaibiwa nazi kila siku.

"Nifungie, mwalimu," akamwambia baba. "Kwako sina wasiwasi. Akila mtu wangu kwa bahati mbaya, utamfungulia."

Baba alinitazama mimi, niliyesimama mlangoni, na mimi tu ndiye niliyejua. Nilimwomba Mungu ajaalie baba aseme hapana, aseme kaacha kazi, aseme anaumwa, aseme chochote.

Akainama, akauvuta mkoba kutoka chini ya kitanda.

"Njoo unishikie uzi," akaniambia.

Nikaenda nikaushika.