Kondo la Barasa

Nilipokuwa mtoto, kule juu karibu na Kapsokwony, kondo la nyuma halikutupwa ovyo. Lilizikwa kwenye migomba nyuma ya nyumba, na nyanya yangu, Kukhu, alikuwa akituonyesha: "Wewe uko hapa. Dada yako yuko pale." Kondo likizikwa nyumbani, alisema, mtoto hatangatangi na mama yake hupona vizuri.

Mama alipojifungua ndugu yangu Barasa kwenye zahanati, Kukhu alinishika mkono tukaenda kuomba kondo. Nesi alicheka mpaka akashika meza.

"Ati kondo? Shosho, si huo ni ushenzi! Tumeshatupa kwa shimo."

Akina mama waliokaa kwa benchi wakacheka pia. Kukhu, aliyeheshimiwa kijiji kizima, akaangalia chini kama mtoto aliyeiba sukari. Tulipofika nje akaniambia, "Mama yako hatazaa salama tena."

Mimba iliyofuata, mama alikataa katakata kurudi pale. "Niende watucheke tena? Ng'o!" Akazalia nyumbani. Mtoto alilia vizuri, lakini damu ya mama ikakataa kukoma. Baba alipopata pikipiki, walishuka mteremko wa kwenda zahanati mbio. Mama alikata roho njiani, saa sita mchana.

Matangani watu walinong'ona kwamba ni lile kondo. Nami niliamini, nikamwogopa Kukhu miaka mingi, kana kwamba mdomo wake ndio uliomuua mama. Mungu anisamehe! Leo nasema wazi: mama aliuawa na kile kicheko. Na hasira yangu haijapoa, wala sitaki ipoe.

Mwaka jana binti yangu alijifungua hospitalini Kitale. Nilienda kumwomba nesi kondo, nimejiandaa kwa vita, matusi yote yako tayari mdomoni. Yule nesi, msichana mdogo, akasema tu, "Sawa mama, ngoja kidogo." Akarudi na ndoo ndogo yenye kifuniko, akanionyesha mahali pa kuweka sahihi. Basi.

Haikufika dakika tano. Dakika tano za heshima, na mama angerudi zahanati kuzaa bila kuburutwa na mtu. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira, ndoo mapajani.

Mlinzi alikuja polepole. "Pole, mama. Umefiwa?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Mama yangu."