Mbwa Wetu Tutaona

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi tukiwa kwenye foleni ya sukari mbele ya duka la ushirika, mbwa wetu akaanguka. Hakukanyagwa, hakupigwa. Alisimama tu katikati ya njia, akainua kichwa kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka mbali, midomo ikaanza kumtetemeka, halafu akaenda chini kwa ubavu, miguu yote ikikimbia hewani. Povu likamtoka, na mkojo pia. Mama mmoja akapiga ukelele, "Mama wee! Kichaa cha mbwa!" na foleni nzima ikatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Baadaye watu waligombana mpaka mchana nani alikuwa mbele ya nani.

Asubuhi hiyo imenirudia tangu uliponipigia simu kutoka Gungu, ukaniambia mbwa wenu, ambaye hajawahi hata kukohoa, ameanza kuanguka, na mwenye nyumba anataka mkamtupe. Ukaniuliza, "Bibi, hiki ni kitu gani?" Mimi sijui ni kitu gani, mjukuu wangu. Ila niliwahi kuishi nacho nyumba moja, kwa hiyo nisikilize.

Jina la Tutaona alipewa na baba yangu. Mbwa yule alizaliwa wakati habari za kuhamia vijiji vya ujamaa zilipoanza kusikika, na kila baba alipoambiwa kwamba huko tutapata shule, zahanati na maji, alijibu neno hilo hilo moja. Tulipohama kweli, tukashuka kutoka milimani hadi kijiji kipya upande huu wa Mwandiga, Tutaona alikuwa ameshakuwa mbwa mkubwa mwenye kifua kipana. Nyani wa shamba la kijiji walimjua kwa sauti. Usidhani basi nakusimulia habari za mbwa wa kuchezea. Bila yeye mahindi yetu yangeliwa yakiwa bado mabichi.

Nyinyi hamkukiona kijiji kile. Kule tulikotoka, kila familia ilikaa ndani ya migomba yake, na jirani ulimwona siku ya pombe au siku ya msiba. Huku tulipangwa mstari, nyumba inatazama nyumba. Ukipika, wenzako wanajua kama umetia chumvi. Ya mbwa wetu ikajulikana kwa watu wote kabla sukari haijaisha dukani.

Balozi wetu wa nyumba kumi hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu, kama sisi sote. Alimwambia baba, "Mzee, mfunge. Bwana mifugo akija akasema ni kichaa, atapigwa risasi." Baba akamfunga kwenye mpera nyuma ya nyumba, akaketi mbali kidogo, akamtazama. Mimi nilikuwa mwali wakati huo, mdadisi wa kuchosha watu. Kabla ya siku ile sikuwahi kumwona baba akiwa na hofu, na nilisikia uchungu sana.

Bwana mifugo alikuja na baiskeli yake. Hakumgusa mbwa. Alichuchumaa pembeni akauliza maswali mengi: Anakunywa maji? Anakula? Anamtambua bwana wake? Amewahi kuumwa na mbwa mwingine, au mnyama wa porini? Akatuagiza abaki amefungwa, mtu yeyote asiguse mate yake, tumtazame. Alisema mbwa mwenye kichaa hapati nafuu, kila siku huzidiwa mpaka anakufa. Tutaona yeye alikula ugali wake siku zote hizo, akanenepa kwa kukosa kazi. Bwana mifugo aliporudi akamkuta anatikisa mkia.

"Huyu hana kichaa," akasema. "Hiki ni kifafa."

"Kimetoka wapi?" nikauliza.

"Sijui."

Mwanangu, sikuwahi kumsikia mtu wa serikali akitamka neno hilo. Alilitamka bila aibu, akapanda baiskeli. Kabla hajaondoka akatuambia, "Akianguka msimshike, na msimtie chochote mdomoni. Ondoeni kitu kinachoweza kumuumiza, halafu mngojeeni."

Baba aliridhika. Kijiji hakikuridhika. Watu walisema povu la kifafa likikugusa, na wewe utaanguka. Balozi akatangaza kwamba Jumapili, watu wakishatoka kusali, tutakaa kikao kuamua kama mbwa auawe. Nami lile neno "sijui" lilikuwa linaniwasha kama upupu. Nikajiambia, nikikipata chanzo kabla ya Jumapili, mbwa wa baba atapona.

Nikaanza kupeleleza. Mama alisema ni makaburi tuliyoyaacha kule milimani bila mtu wa kuyapalilia. Hilo sikuwa na namna ya kulijaribu. Jirani alisema ni vichwa vya dagaa wa Kibirizi, nikamnyima dagaa, akaanguka. Nikasema basi ni jua, nikamhamishia kivulini, akaangukia kivulini. Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile ya sukari alianguka mara tu baada ya kulia kile kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi ya kijiji kuitia watu kazi ya shamba la pamoja. Nikaona nimepata!

Asubuhi ya Jumapili nikamchukua Tutaona na kamba yake mpaka ofisini, nikaokota chuma, nikaipiga ile reli kwa nguvu zangu zote huku nimemkodolea macho. Tutaona akapiga mwayo.

Lakini kijiji kilikuja. Walikuja na majembe, wengine na vitenge vilivyofungwa ovyo, balozi mwenyewe na jembe lake na kiatu kimoja mguuni. "Nani ameita watu kazini siku ya Jumapili?" Nikaeleza kwamba namjaribu mbwa. Wachache walicheka mpaka wakashika magoti. Wengi walikasirika, na mmoja akasema, "Mbwa huyu atatutia wazimu. Tumeshakusanyika, tumalize sasa hivi." Majembe yalikuwa mikononi, mwanangu, na kamba ilikuwa mkononi mwangu.

Katika watu waliotoka mbio alikuwamo Adela, binti wa nyumba iliyopakana na yetu. Tulikuwa tumekaa jirani tangu kijiji kianze na nilikuwa simjui. Mama yake alituambia ana kifua, hawezi jua. Mara nyingi nilichokiona ni mkono wake tu ukianua nguo uani. Siku ile reli ilimtoa na yeye, maana alidhani kuna nyumba inaungua.

Basi hapo hapo, reli ikiwa imenyamaza kitambo, Tutaona akainua kichwa, akaenda chini. Watu wakarudi nyuma. Na mimi nilirudi nyuma, kwa sababu ya majembe. Baba alikuwa anakuja, lakini Adela alitangulia. Kichwa cha mbwa kilikuwa kinagonga jiwe. Adela akalivuta lile jiwe, akakunja kitenge chake cha kichwani na kukitia mahali pake, kisha akaketi chini akatazama. Mimi niliyejiona mdadisi sijawahi kutazama kitu namna ile. Alitazama macho, alitazama miguu, alitazama povu, kama mtu anayesomewa habari zake mwenyewe.

Miguu ikapunguza mbio, ikatulia. Tutaona akahema, akainuka, akajigonga kwenye ukuta wa ofisi. Alikuwa hamjui mtu. Baada ya muda akanusa mguu wa baba, akatikisa mkia.

"Baba, ndiyo hivi tu?" Adela akamwuliza baba yangu. "Huwa anaamka?"

"Huamka, binti yangu."

"Kila mara?"

"Kila mara, mpaka leo."

Mama yake akamshika mkono. "Adela, twende nyumbani." Adela hakwenda. Akasema, na sauti haikuwa ya hasira, "Mama, mbona hukuniambia kwamba ninakuwa hivi? Mimi nilidhani ni kitu kibaya zaidi." Kisha akamgeukia balozi. "Baba balozi, mkimuua huyu kwa kuanguka, na mimi mtanifanyaje?"

Balozi alilitazama jembe lake kana kwamba kuna mtu aliyempachikia. Mwishowe akasema, "Nendeni mkasali." Kikao kikaishia hapo, na hakikuitishwa tena.

Tangu siku ile Adela akawa anakwenda na Tutaona kulinda mahindi, na mimi nikafuatana nao kwa sababu nilikuwa bado nataka kujua. Hatukupata. Mbwa alianguka masika na kiangazi, ameshiba na ana njaa, na pengine alikaa muda mrefu tukasahau. Tulichokijua ni ile namna ya kuinua kichwa kabla. Adela aliniambia kwamba na yeye kabla ya kuanguka husikia harufu ya majani yanayoungua, hata pasipo na moto. Baadaye mama yake alikubali kumpeleka hospitali Kigoma mjini, akapewa vidonge, na kuanguka kukapungua sana. Tutaona alizeeka, akafa usingizini, ametulia kabisa.

Adela unamjua. Ni yule bibi wa Kibirizi anayekuwekea dagaa wazuri kila ukija likizo, ambaye wewe humwita Bibi Mcheshi.

Sasa nakusihi. Mbwa wenu mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Siku hizi wana dawa ambazo bwana mifugo wetu hakuwa nazo, na msimpe vidonge vya watu kwa kubahatisha. Mkiona hataki chakula, anashindwa kunywa, au amekuwa mkali kwa watu wake, kaeni mbali naye na mtoe taarifa haraka. Lakini kama anaanguka na kuamka akiwa yule yule, msimtupe. Mwambie mwenye nyumba Bibi yako amesema hivyo, na akitaka ugomvi anifuate huku Mwandiga. Na wewe, endelea kuuliza. Mimi nimeuliza maisha yangu yote wala sijutii hata ile reli. Ila kabla hujauliza kimetoka wapi, angalia kwanza kichwa kimelalia nini.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe subira ya kukaa karibu na usichokielewa. Na siku utakayoanguka wewe, maana sote tuna siku yetu, akuletee mtu wa kukuondolea jiwe.