Kimbunga Kilichopotea Njia Hadi Ganda

Juzi nilikuwa ofisini kwa chifu nikingoja muhuri, akaingia bibi mmoja wa kijiji cha Ganda. Karani, kijana mwenye adabu, akampa shikamoo na kiti. Bibi akaeleza kuwa upepo ulijisokota kama kamba, ukashuka kwake na kuondoka na paa zima la makuti, akaomba turubai la msaada. Kidole chake kikawa kinazunguka hewani.

"Hicho ni kimbunga, bibi," karani akasema, akifunua atlasi ya shule. "Hutokea Marekani na Bangladeshi, na huko huangamiza miji. Kwetu hakuna. Sasa turubai nitakuandikia kwa sababu gani?"

Bibi akaiinamia ramani. "Ahsante, mwanangu. Basi waandikie hao Wamarekani waje wachukue kimbunga chao, na makuti yangu wayarudishe."

Karani hakucheka. Upepo ukaingia dirishani, fomu zikaanza kuruka, naye upesi akazikandamiza kwa ile atlasi. Hapo ndipo nilipoiona faida ya jiografia.

Bibi naye aliiona. Akauliza kwa upole, "Nikishaezeka tena, mwanangu, utaniazima buku hilo nikandamizie paa?"