Gongoozler kwa Maelezo ya Kinyozi

Kinyozi yule hukupa maana ya neno la Kiingereza wembe ukiwa kooni mwako, ndiyo maana hajawahi kupingwa. Kwanza hukohoa kidogo, kisha hukuinua kidevu kwa vidole viwili vinavyonuka spiriti, na sauti inashuka kama ya mtu anayetoboa siri ya ndoa. Jana zamu ilikuwa ya gongoozler. "Hicho ni cheo," alimwambia mwalimu wa Kiingereza, aliyejaa povu hadi masikioni. "Ni mpiga kengele mkuu wa mfalme, mwenye ndevu za kufika kitovuni." Benchi zima likaguna kwa heshima.

Mwalimu alivumilia, hata mate akiyameza kwa adabu, mpaka akafutwa povu na kusimama mbali na wembe. "Samahani, fundi. Wenye mashua za kwenye mifereji ya Uingereza ndio waliowaita hivyo watu waliokaa ukingoni bure, kuwatazama wakifanya kazi."

Kinyozi akakung'uta taulo. Akaligeukia benchi taratibu, lile lililojaa tangu afungue mlango na hakuna hata mmoja wao aliyeomba kunyolewa. "Jamani, mmesikia wenyewe?"

"Tumesikia, fundi," akajibu wa pembeni, akijisogeza akae vizuri zaidi. "Ila ukituuliza sisi, ni cheo."