Hodi Mtandaoni

Mchapaji wa steshenari ya Luciana, pale Kasense, haingii kundi lolote la mtandaoni bila hodi. Anafuta wino vidoleni kwa kanga, anapiga makofi mepesi kama wakubwa wanavyosalimiwa kwao Msanzi, anaandika “Hodi” kisha anatulia.

Leo kundi ni la watu wanaojitolea kutengeneza programu ya kuchapia na kuigawa bure. Programu imegoma, mitihani haijachapwa, na mwalimu yuko kwenye benchi anapiga miayo.

“Si uulize tu, mdogo wangu?” Luciana akamwambia.

“Hawajasema karibu, dada.”

Jibu likaja kutoka kundini: “Hapa si nyumbani kwa mtu. Sema shida yako au toka.”

Luciana akaona vile vidole vikikimbia kwa hasira, mistari na mistari. Halafu vikasita, vikafuta yote. Mchapaji akapiga makofi yake tena, akaandika: “Poleni na kazi. Mmejenga wenyewe, na mnatukaribisha bure. Ndiyo maana nimebisha.”

Hata mwalimu akasogea kuchungulia.

Yule wa kundini akajibu: “Samahani. Karibu.”

Mchapaji akavua kandambili chini ya meza, ndipo akauliza.