Sauti Niliyompa Baba

Kamera niliachiwa na mzungu wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa kamera ndogo ya sinema, ya kuzungusha ufunguo, na picha zake zilikuwa bubu: watu wanacheka, ng'ombe wanafungua midomo, kimya. Aliniachia pia projekta ya kuonyeshea picha ukutani, jenereta yake ndogo, na tepu rekoda ya betri yenye utepe mmoja tu wa kurekodia sauti. Nilikuwa mwalimu kijana, nimemaliza sekondari, na upande wetu wa Sepuka mtu wa namna hiyo aliamini hakuna jambo asiloweza kuliboresha.

Nilipiga picha za nyumbani kwetu. Mama anapepeta uwele mbele ya tembe, kuku wamemzunguka. Baba yuko zizini, anahangaika na fahali aliyegoma kutoka. Tepu niliiweka juu ya kinu, ikawa inazunguka na kumeza kila kilichosemwa. Mkanda wa picha nikautuma kwa posta ukasafishwe nje ya nchi. Ulipokuja kurudi, tulikuwa tumekwisha kuhamishwa, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, nasi sote tumekuwa wajamaa.

Katibu wa tawi aliposikia nina sinema, alifurahi. Mgeni alitarajiwa kutoka wilayani, naye angeonyeshwa maisha ya kijiji kipya. Nilimweleza kwamba picha zenyewe ni za kule tulikokuwa kabla ya kuhamishwa. Akasema hilo ni jambo dogo. Kubwa kwake lilikuwa sauti, kwa hiyo tukakaa pamoja kuisikiliza tepu.

"Mwalimu, hawa kuku wana nini?"

"Wanalia tu, ndugu katibu."

"Wanalia mno. Mgeni atadhani hawashibi."

Baba akasikika, kisha akakohoa, kikohozi kirefu cha kukwangua.

"Na hicho kitoe. Atauliza zahanati iko wapi."

"Kwani iko wapi?"

"Ndiyo maana nasema kitoe."

Katibu aliagiza kuku na kikohozi tu. Mengine yote niliyafanya mimi, kwa bidii, bila kusukumwa na mtu. Baba alikuwa akisema Kinyaturu, tena cha kumgombeza ng'ombe, nami niliona aibu mgeni asikie hivyo. Nikaamua kurekodi upya juu ya utepe ule ule, huku nikiitazama picha ukutani ili maneno yaendane na midomo. Kuku niliwalisha mtama kwanza, nikawarekodi wakiwa wameshiba. Kwato za fahali nilizigonga kwa vibuyu viwili mezani. Ilipofika zamu ya baba, nilikaza koo, nikanena kwa Kiswahili cha redioni. Baba mwenyewe alikuwa nje dirishani, anachonga mpini wa jembe. Ningeweza kumwita aje ajisemee. Nilifunga dirisha ili asiniharibie kazi.

Kikohozi nilichokitoa kwenye tepu kilibaki kifuani mwake. Kabla mvua hazijaanza, tulimzika.

Matanga yalipokwisha, mama aliniuliza jambo moja.

"Siku ya hiyo sinema yenu nitamsikia?"

"Utamsikia, mama," nikamjibu.

Siku hiyo tuliziba madirisha ya ghala la ushirika kwa magunia. Mgeni akapewa kiti chenye mgongo. Mama alikuja mapema akakaa benchi la mbele, amevaa kanga ambayo hakuwa ameigusa tangu msiba. Nilikuwa nimetoboa tundu mwanzoni mwa mkanda, liwe alama ya kuanzia. Nuru ikiruka ukutani, ndipo nibonyeze tepu. Nilibonyeza vizuri. Kuku walishiba, mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini betri za tepu zilikuwa zimechoka na jenereta ilikuwa na nguvu, kwa hiyo picha ikakimbia na sauti ikabaki nyuma, ikijikokota.

Baba akatokea. Akafungua mdomo, pakawa kimya. Akaufunga, akatema mate pembeni, na hapo ndipo aliponena: "Ndugu wananchi, mimi mzee wa hapa nimefurahishwa mno na kuongezeka kwa uzalishaji..."

Aliendelea kupongeza huku akimpiga fahali kwa fimbo. Aliendelea kupongeza hata alipogeuka na tukabaki kumwona mgongo.

"Heee!" akapaza sauti bibi mmoja nyuma. "Huko alikokwenda wanafundisha Kiswahili!"

"Tena kahitimu!" mwingine akadakia, ghala likaangua kicheko.

Mgeni hakucheka. Alipiga makofi. "Mzee safi kabisa. Yuko wapi nimpe mkono?"

"Ametutoka, mheshimiwa," katibu akasema.

"Pole sana. Amekufa mjamaa kamili."

Walipotoka kwenda kula ubwabwa, mama alibaki benchini. Hakuwa amecheka wala kulia.

"Hiyo ni sauti yako, mwanangu. Sasa niwekee ya baba yako."

"Iliyopo ni hii tu, mama."

"Ile ya siku ile. Nilikiona kisanduku juu ya kinu, kinazunguka. Alimtukana fahali, akakohoa, halafu akaniita. Niwekee hapo aliponiita."

Nikamweleza kwamba utepe ni kama ubao wa darasani, huwezi kuandika jipya mpaka ufute la zamani.

"Kwa hiyo ulimfuta."

"Nilifuta kikohozi, mama. Katibu alisema..."

"Kilikuwa kikohozi chake."

Kisha akaniambia nifunge kisanduku, nirudishe picha peke yake. Nikairudisha. Baba akafungua mdomo.

"Hapa ndipo aliponiita?"

"Sijui, mama."

Akaufungua tena, fahali akiwa amegeuka.

"Au hapa? Mimi nilikuwa nimeinamia ungo, nilimsikia tu, sikumtazama. Wewe uliisikiliza hiyo tepu."

Niliisikiliza mara nyingi. Nilijua kila mahali alipokohoa na kila mahali kuku walipozidi. Maneno yake sikuyasikiliza hata mara moja, kwa kuwa nilikwisha kuamua kuyatoa. Nikaurudisha mkanda mwanzo, na mama akasogea karibu zaidi na ukuta. Tuliendelea hivyo, yeye akinyoosha kidole kwenye mdomo wa baba na kuniuliza, mimi nikijibu kwamba sijui, mpaka mafuta yakaisha kwenye jenereta.