Siku Semvua Alipokataa Kuzomewa

Mwanangu, siku niliyozomewa mbele za watu kwa mara ya kwanza ninaikumbuka hadi rangi ya kanga ya mama aliyeanza kunizomea. Ilikuwa ya kijani. Alikaa mstari wa mbele kabisa katika uwanja wa shule pale kwetu Mamba, miguu kainyoosha kama yuko barazani kwake.

Nilikuwa na miaka ishirini. Usinitazame nilivyo sasa, na magoti haya yanayonisumbua nikipanda kwenda kwenye tangawizi zangu. Wakati ule nilikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, na mbaya zaidi, nilijua kwamba ninayo. Mwalimu Elinami alikuwa ameanzisha kikundi cha maigizo cha vijana wa kijiji. Akatutungia igizo mwenyewe, akanipa mimi niwe Semvua, mhusika mkuu.

Ngoja nikueleze huyo Semvua ni nani, maana bila yeye hutanielewa. Ni kijana maskini wa kijiji chenye ukame. Yeye na rafiki yake Kangero wanachimba mfereji kutoka chemchemi ya juu mlimani, mwaka baada ya mwaka, mpaka maji yanaingia kwenye ndiva, lile bwawa ambalo kijiji kizima kinanyweshea mashamba. Watu wanamshangilia na kumfanya kiongozi wao. Hapo ndipo anapoonja ukubwa. Anataka kijiji cha pili kimtii, kisha cha tatu, na wanaokataa anawafungia maji. Kangero anapomwambia hawakuchimba kwa ajili hiyo, anamfukuza kijijini. Mwishowe vijiji vyote vinagoma kusafisha mfereji, matope yanauziba, na Semvua anabaki peke yake kando ya bwawa kavu, akimwita rafiki ambaye yuko mbali, hawezi kumsikia.

Kangero aliigizwa na Zakaria. Wazazi wake walitoka Kigoma kuja kukata mkonge kule bondeni, naye akapanda Mamba kujifunza useremala. Tukawa marafiki wa kula sahani moja. Mimi nilikuwa mzito wa kukariri, basi tukipalilia pamoja yeye ndiye aliyenisomea maneno yangu, mstari kwa mstari, mpaka yakaniingia.

Siku hiyo ya Mamba, maji "yalipofika" kwenye bwawa letu la maturubai, akina mama walipiga vigelegele na wazee wakasimama. Nilijiona nimeongezeka kimo. Lakini nilipofungia maji kijiji cha pili, vicheko vilikatika, watu wakaanza kutazamana. Na nilipomfukuza Kangero, yule mama wa kanga ya kijani, Bibi Nakunda, akainuka.

"Huna haya wewe! Si ndiye aliyechimba na wewe?"

Uwanja mzima ukamfuata kunizomea. Nilimaliza igizo macho chini, sikuona sura ya mtu hata mmoja. Masikioni mwangu zilibaki zile kelele tu.

Mwalimu Elinami alinijia anacheka kwa furaha. "Umeona walivyobadilika? Walimpenda, wakaingiwa na wasiwasi, wakamkasirikia. Na pale mwisho, umewaona?"

"Nimeona wananichukia, mwalimu."

"Wamechukia tamaa yake. Utaelewa taratibu."

Sikuelewa. Nilikuwa na kiu ya kupendwa tu, mwanangu, na kiu hiyo ikimshika kijana haoni pembeni.

Baada ya wiki chache tulialikwa kuigiza Hedaru siku ya gulio. Afisa utamaduni angekuja kutoka Same kuchagua kikundi cha kwenda kuigiza Moshi. Mimi nilikuwa nimeshamwambia mama yangu kwamba naenda Moshi, kana kwamba kikundi kizima ni mimi. Tukiwa juu ya lori tunashuka mlima, wenzangu wakiimba, mimi nilikuwa nikipanga jambo moja: leo hawanizomei. Sikumwambia mtu, hata Zakaria aliyekuwa ameegemea bega langu.

Tulianza vizuri. Wachuuzi waliacha bidhaa zao, matingo wakapanda juu ya malori ili waone. Tulipofika pale pa kumfukuza Kangero, nikaacha maneno ya mwalimu nikawageukia watu.

"Jamani, mnajua kwa nini namfukuza huyu? Huyu ndiye anayetoboa mfereji wetu! Anayauza maji yenu! Mgeni huyu, hakuzaliwa hapa, mnatarajia nini?"

Neno hilo "mgeni" halikuwemo kwenye igizo. Kangero wa mwalimu alizaliwa kijiji kimoja na Semvua. Lakini Zakaria kweli alikuwa mtoto wa wageni, na lafudhi yake watu walikuwa wameshaisikia. Gulio likalipuka. "Mwizi! Arudi kwao!" Ganda la chungwa likampiga shavuni. Zakaria alinitazama, na hakunitazama kama Kangero anavyomtazama Semvua. Hakuwa na maneno ya kujibu, maana nilikuwa nimeyafuta yote. Akashuka, akapita katikati ya watu waliokuwa wanamcheka, akaenda zake.

Mimi nilipigiwa makofi. Niliyapata niliyoyataka. Ila tulipofika mwisho, nilipopiga magoti kando ya bwawa kavu na kumwita Kangero, nikasikia watu wanaulizana bei ya vitunguu. Basi likapiga honi, nusu ya watazamaji wakaondoka. Wangemhurumia nini mtu asiye na kosa lolote, anayemwita mwizi wake? Afisa alitushika mikono kwa heshima, akachagua kikundi kingine.

Bibi Nakunda alikuwa hapo gulioni, ameshusha tangawizi zake. Aliniita kwa kidole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa hapa."

Nikakaa juu ya gunia.

"Kule Mamba nilikuzomea, sivyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Unajua nilipofika nyumbani nilifanya nini? Nililia. Nilikuona unavyomwita mwenzako pale kwenye bwawa kavu, nikasema, huyu ningeweza kumzaa mimi. Nilikukasirikia kwa sababu nilikuwa nimeshakupenda ulipokuwa unachimba. Nisiyempenda nitamkasirikia ya nini? Leo umetunyima. Hukutuachia pa kukulilia." Akapanga tangawizi zake upya, kisha akaendelea kwa sauti ya chini. "Ulitaka kuonekana msafi, ukampaka Zakaria uchafu wako. Na Zakaria si mtu wa kwenye igizo. Ana mama yake."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenichapa.

Kesho yake nilishuka mpaka kambi ya wafanyakazi wa mkonge. Mama yake Zakaria alinikaribisha kwa furaha, akanipa kiti na chai, maana mwanawe hakuwa amemwambia kitu. Niliiacha chai ile nusu. Zakaria alikuwa nyuma ya nyumba anapiga randa ubao.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikamwambia.

Aliendelea na randa. "Ulisema mgeni."

"Nilisema."

"Hilo halikuwa la mwalimu."

"Halikuwa lake. Lilikuwa langu."

Hapo akaiweka randa chini. "Kule mlimani wengi wanalo neno hilo, nimelizoea. Wewe nilidhani huna."

 Nililia pale kwenye maranda ya mbao, na yeye aliniacha nilie. Hakurudi nami siku ile. Alirudi baada ya mwezi na zaidi, kwa sharti moja: kabla hatujaigiza tena, niwaambie watu nilichofanya, kwa mdomo wangu.

Tukaigiza katika kijiji cha Mhezi. Kabla ya kuanza nilisimama nikasema yote, kwamba nilimwita mwenzangu mwizi na mgeni ili mimi nishangiliwe. Wenzangu wa kikundi waliinamisha vichwa. Kisha tukaanza, nikasema kila neno la mwalimu bila kuruka. Walinishangilia nikichimba. Walinyamaza nilipoanza kuwafungia watu maji. Walinizomea nilipomfukuza Kangero, kuliko hata Mamba, na safari hii nikasimama nikazipokea kelele zote. Na pale mwisho, nikiwa nimepiga magoti, niliinua macho kwa mara ya kwanza nikawatazama. Mzee mmoja alikuwa amevua kofia. Akina mama waliokuwa wakinitukana punde tu, walikuwa wanajifuta machozi. Nikamwita Kangero mara mbili, na mara ya tatu ulimi ukateleza nikasema, "Zakaria!"

Hakuna aliyecheka. Sauti ya mama mmoja ikasema kutoka nyuma, "Pole, mwanangu."

Basi nisikilize. Kutaka makubwa si kosa. Semvua asingetaka makubwa, mfereji usingechimbwa. Kosa huanza pale unapotaka usifiwe hata ukikosea, ukaanza kutafuta wa kumbebesha kosa lako. Ukiona waliokuwa wanakushangilia wamenyamaza, simama ujiulize umefanya nini. Wakikukemea, usiwakimbie wala usiwadanganye ili warudi kucheka nawe. Anayekukemea bado amekuweka moyoni. Ukimuumiza mwenzako, mwendee wewe, taja ulichofanya kwa jina lake, na umpe muda wake. Na usidhani watu hawawezi kumpenda mtu waliyemwona akianguka. Wanaweza sana. Ila lazima waruhusiwe kuona.

Mungu akupandishe juu kadiri ya moyo wako, mwanangu, na akulinde ukiwa huko. Akupe watu wa kukupigia vigelegele na watu wa kukwambia huna haya, na wawe watu walewale. Amina.